Mafuta Juu, Maji Chini

Aliyewahi kusimama jikoni karibu na sufuria ya mchuzi anajua kwamba mafuta na maji hayapatani. Mafuta hupanda yakatanda juu, maji yakabaki chini. Katika kisiwa cha Oʻahu, Hawaii, hali ilikuwa hiyohiyo kwa miaka 80, ila sufuria yenyewe ilikuwa mlima. Juu yalihifadhiwa mafuta ya meli na ndege za kivita, galoni milioni 250 matangi yote yakijaa, yaani zaidi ya lita milioni 900. Chini yalikuwa maji ya kunywa ya jiji la Honolulu. Katikati palikuwa na mita 30 hivi za mwamba wa volkano wenye nyufa.

Wenyeji wa Hawaii huuita mgongo ule wa mlima Kapūkakī. Jeshi la Marekani likauita Red Hill, kilima chekundu. Maji matamu kwa Kihawaii ni wai, na ukilitamka neno hilo mara mbili, waiwai, umesema mali, umesema utajiri. Kiswahili nacho hupenda kurudiarudia maneno, lakini sikumbuki neno letu lililopata faida kubwa kiasi hicho kwa kurudiwa mara moja.

Utajiri wenyewe huanzia angani. Mvua hunyesha juu ya safu ya milima ya Koʻolau, ikanywewa na udongo, ikapenya katika mawe yaliyotokana na zaha ya kale. Bodi ya Maji ya Honolulu hukadiria kwamba tone moja huchukua kama miaka 25 kufika kwenye hifadhi ya chini. Huko chini maji hayo hayakai juu ya jabali gumu, bali huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote za kisiwa, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Mtu wa Lamu hahitaji darasa la jambo hili. Mji wake umekunywa kwa vizazi vingi kutoka visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na anafahamu kwamba kisima kikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Oʻahu ni hivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi: mtungi mmoja wa maji umeelea juu ya bahari, na hakuna wa akiba.

Mwishoni mwa mwaka 1940 Japani ilikuwa inasonga mbele Asia, na makamanda wa jeshi la wanamaji la Marekani walikuwa wakiyatazama matangi yao ya mafuta pale Pearl Harbor kwa wasiwasi. Yalikuwa yamesimama juu ya ardhi, meupe, na rubani yeyote angeyaona. Ikaamuliwa kuyaficha mafuta ndani ya mlima. Fikra ya kwanza ilikuwa kuyalaza matangi kama mapipa yaliyoegeshwa. Mhandisi mmoja akashauri yasimamishwe wima, na ushauri wake ukawa ndio ramani. Kazi ilianza tarehe 26 Desemba 1940, siku moja baada ya Krismasi.

Namna walivyochimba inastahili kusimuliwa. Walitoboa kwanza mahandaki mawili, la juu na la chini. Kisha, mahali pa kila tangi, wakachimba tundu jembamba kutoka juu hadi handaki la chini. Baada ya hapo wakaanza kulipanua tundu hilo, na kila jiwe lililong'olewa likaanguka lenyewe hadi chini, likapokewa na mkanda wa kusafirishia na kutolewa nje. Hakuna aliyelibeba kupanda nalo, kwa kuwa mlima ulijitapisha wenyewe. Matangi 20 yalichongwa kwa mtindo huo, katika safu mbili za kumi kumi, kila moja likiwa na kimo cha mita 76 na upana wa mita 30. Ukuta wa ndani ulikuwa wa mabamba ya chuma, nyuma yake zege, na nyuma ya zege mwamba wenyewe. Kutoka hapo mabomba yalishuka ndani ya handaki refu, kilomita nne hivi, hadi bandarini. Mafuta yalitelemka kwa uzito wake, bila pampu, hata umeme ukikatika. Wafanyakazi wapatao 3,900 walipitia kazi ile, na si chini ya 16 walipoteza maisha humo.

Asubuhi ya Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilipoishambulia Pearl Harbor, ujenzi ulikuwa bado unaendelea. Meli zilizama, watu zaidi ya 2,400 wakafa, lakini yale matangi meupe ya juu ya ardhi hayakuguswa. Admirali Chester Nimitz, kamanda wa meli za kivita za Marekani katika Pasifiki wakati wa vita hivyo, alikuja kusema baadaye kwamba laiti yangeteketezwa, vita vingerefuka kwa miaka miwili. Ukilisikia neno hilo kutoka kwa mtu kama yule, unaelewa kwa nini hakuna aliyeuliza mno ni kitu gani kilichokuwa chini ya Red Hill. Mradi ulimalizika Septemba 1943.

Miaka hiyohiyo ya vita, katika mlima huohuo, kulichimbwa pia kisima. Hakikuwa kisima cha ndoo na kamba, bali handaki lililofuata maji hadi yalipo, likawa chanzo kikuu cha maji ya kambi za kijeshi kuzunguka Pearl Harbor. Wakakiita Red Hill Shaft. Kisima na matangi vilizaliwa pacha, vikalelewa na mzazi mmoja, na mlango wa kuingilia kisimani ukawa katika handaki lilelile lililopitisha mabomba ya mafuta. Wakati wa vita hilo lilionekana kuwa jambo la busara, kuwa na maji na mafuta mahali pamoja palipo salama dhidi ya mabomu.

Siri ilitunzwa kwa muda mrefu. Watu wengi wa Honolulu walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa chini ya mlima ule bila kujua kilichomo. Ni katika miaka ya 1990 ndipo pazia lilipofunuliwa, na mwaka 1995 chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani kikaupa mradi heshima ya alama ya kihistoria. Heshima hiyo ilistahili. Lakini kilichofichwa adui asikione, mwenyewe naye huweza kukikosa. Tangi la juu ya ardhi likivuja, doa huonekana mchangani. Tangi lililozikwa ndani ya mwamba halina upande wa nje wa kutazama. Njia iliyobaki ni hesabu: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimebaki kiasi gani.

Na hesabu ya tangi la ukubwa ule ni ngumu. Ukipiga hesabu ya eneo la uso wa mafuta ndani ya tangi moja, utaona kwamba kina kikipungua kwa milimita moja tu, zaidi ya lita 700 hazipo tena. Milimita moja! Mafuta yenyewe hutanuka yakipata joto na kunywea yakipoa, kwa hiyo anayepima lazima ajue pia halijoto, vinginevyo atadhani ameibiwa kumbe mafuta yamepoa, au atadhani yamepoa kumbe yanavuja.

Januari 2014 hesabu ilikataa kukubaliana. Tangi namba 5 lilikuwa limetoka kwenye matengenezo na kujazwa upya Desemba iliyotangulia. Ikaonekana galoni 27,000 za mafuta ya ndege hazipo. Katika tangi lile kiasi hicho ni kina cha sentimita 14 tu kati ya mita 76, lakini ni lita zaidi ya 100,000 zilizopita kwenye kasoro za uchomeleaji na kuingia mwambani. Mwaka uliofuata jeshi la wanamaji, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani na Idara ya Afya ya Hawaii wakatia saini makubaliano ya kisheria: matangi yakaguliwe, teknolojia iboreshwe, visima vya uchunguzi viongezwe, na tabia ya maji chini ya mlima isomwe upya. Mhandisi mkuu wa Bodi ya Maji, Ernie Lau, alisema kwa miaka mfululizo kwamba hakuna tangi la zama za vita linalofaa kukaa juu ya maji ya watu. Alisikilizwa kwa adabu.

Kisima cha uchunguzi hakichimbwi ili watu wanywe. Ni tundu jembamba lenye bomba ndani yake, lililotobolewa hadi kufika kwenye maji, na bomba lina vitundu chini ili maji yaingie. Mtaalamu hupima kina, huteka sampuli, huipeleka maabara, na maabara hutafuta alama za mafuta: jumla ya viambata vya petroli, benzini, naftalini. Ukiwa na visima vya kutosha unaweza kuchora maji yanaelekea wapi na uchafu umefika wapi. Tatizo ni hilo neno "vya kutosha". Mwamba wa Red Hill si mchanga unaochuja sawasawa. Ni tabaka juu ya tabaka za zaha, nyingine laini, nyingine zimevunjikavunjika, zenye nyufa na mapango, na mafuta yanaweza kupita mita kumi kando ya kisima chako bila kukiachia hata harufu. Juu ya ramani hiyo kukawa na mvutano mkubwa. Wahawaii huelekezana njia kwa maneno mawili, mauka, upande wa mlimani, na makai, upande wa baharini. Wataalamu wa jeshi walichora maji yakielekea zaidi makai, mbali na visima vya jiji. Wataalamu wa Idara ya Afya na wa Bodi ya Maji waliuona mchoro huo haujathibitika, kwa kuwa upande wa pili wa bonde, kule Hālawa, ndiko kilikokuwa kisima kikubwa cha Honolulu. Mchoro wa kompyuta hujibu kadiri ulivyolishwa.

Mafuta yakishaingia ardhini hufanya nini? Jibu bora tunalo kutoka mahali pengine kabisa, msituni karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota. Huko, Agosti 1979, bomba la mafuta ghafi lilipasuka na kumwaga mapipa kama 10,700. Mengi yalizolewa. Yaliyobaki mchangani, kiasi cha lita 400,000, yaliachwa, na tangu 1983 wanasayansi wameyachunguza kama wauguzi wanaomkesha mgonjwa mmoja. Waligundua kwamba vijidudu vya ardhini huyala mafuta. Kwanza hutumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikiisha hugeukia madini ya chuma. Mwisho huzalisha gesi ya methani. Kwa sababu hiyo uchafu majini ulisafiri umbali mfupi kuliko walivyotarajia. Lakini waligundua pia kwamba karamu hiyo ni ya polepole mno: miaka zaidi ya 40 imepita na mafuta bado yapo. Msomaji wa Makueni, Kenya, ambako mwaka 2015 mafuta ya bomba la Mombasa hadi Nairobi yaliingia katika mto na visima vya Thange, ana haki ya kuusoma muda huo kwa jicho la pekee.

Turudi mlimani. Jioni ya tarehe 6 Mei 2021 wafanyakazi wa Red Hill walikuwa wakihamisha mafuta ya ndege. Vali zilifunguliwa kwa mpangilio usio sahihi, msukumo ukapiga ndani ya bomba, na viungio vikaachana. Mafuta yalimwagika handakini. Taarifa iliyotolewa ilisema zimemwagika galoni 1,618, na kwamba karibu zote zimeokolewa. Hesabu ya tangi lililopokea, hata hivyo, ilionyesha pengo kubwa zaidi, na pengo lile likatafutiwa maelezo badala ya kutafutiwa mafuta. Ukweli ni kwamba galoni kama 20,000 zilikuwa zimetoka. Nyingi zilinyonywa na mfereji wa mfumo wa kuzimia moto, zikaingia katika bomba la plastiki lililoning'inizwa juu handakini. Zikakaa humo miezi sita. Bomba lilikuwa limeundwa kukaa tupu. Sasa lilikuwa limejaa na limelegea kwa uzito, na watu walipita chini yake kila siku.

Jumamosi ya tarehe 20 Novemba, kigari cha reli kinachobeba wafanyakazi handakini kiligonga vali ya bomba lile. Mafuta yakaanza kuruka. Yaliendelea kutoka kwa zaidi ya siku nzima, hatua chache kutoka kwenye kisima cha kunywa, na kisima kikaendelea kuvuta maji. Umma uliambiwa kwamba ni mchanganyiko wa maji na mafuta, galoni kama 14,000, na kwamba hakuna dalili ya hatari. Wiki hiyo Wamarekani walikuwa katika sikukuu yao ya shukrani. Walipika, waliosha vyombo, waliogesha watoto.

Mwishoni mwa wiki, tarehe 27 na 28, simu zikaanza. Akina mama katika nyumba za wanajeshi walisema bomba linanuka petroli. Wengine walipiga picha ya utando unaong'aa juu ya maji ya kikombe. Watoto walitoka vipele, watu wakaumwa vichwa na matumbo, wengine wakatapika, mbwa wakakataa kunywa. Kisima cha Red Hill kilizimwa usiku wa tarehe 28 bila kelele. Kamanda wa kambi aliwaandikia wakazi kwamba hakuna dalili kuwa maji si salama, na kwamba yeye na wafanyakazi wake wanayanywa. Wiki moja haikuisha kabla hajaomba radhi. Miaka ya visima vya uchunguzi, mikataba na michoro ya kompyuta, na kengele ya kwanza ikapigwa na pua za watu waliokuwa wakiosha sahani.

Maabara zilipofika, zilikuta katika kisima cha Red Hill viambata vya mafuta mara 350 ya kiwango ambacho Idara ya Afya inakikubali kwa maji ya kunywa. Mfumo wa maji wa jeshi ulihudumia watu wapatao 93,000. Familia kama 4,000 zilihamishiwa hotelini, na watu karibu 6,000 walikwenda kutafuta matibabu. Tarehe 2 Desemba Lau alikizima kisima cha Hālawa, kilichokuwa kikitoa asilimia 20 ya maji ya mji wa Honolulu, ili pampu zake zisiyavute mafuta kuvuka bonde. Jiji halikuwa limechafuka. Lilikuwa limejifungia mlango lenyewe, likabaki likiwaomba wakazi wapunguze matumizi.

Tarehe 6 Desemba Idara ya Afya ilitoa amri ya dharura: shughuli zisimame na matangi yaondolewe mafuta. Jeshi lilipinga, likashindwa mbele ya msikilizaji wa shauri, likaenda mahakamani. Mitaani watu walikusanyika wakiwa na bendera na mitungi mitupu, Wahawaii wenyeji, wake za wanajeshi na wanafunzi, mchanganyiko ambao Honolulu haikuwa imeuzoea. Tarehe 7 Machi 2022 Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin akatangaza kwamba Red Hill itafungwa moja kwa moja.

Usafishaji ulikuwa umeanza kwa njia ya mikono. Wapiga mbizi wa jeshi waliingia kisimani wakakusanya mafuta yaliyokuwa yakielea. Mitaani mabomba yalisukumiwa maji safi, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, hadi katikati ya Machi ndipo wakazi wa maeneo yote 19 ya mfumo huo wakaruhusiwa kunywa tena. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Januari 2022, kisima kiliwashwa, lakini si kwa ajili ya kunywa. Pampu ikivuta kwa nguvu, uso wa maji ardhini hubonyea kama kitanda chini ya mtu mzito, na maji ya jirani huteremkia pale pamoja na uchafu wake. Ndivyo walivyojaribu kuyaita mafuta yarudi. Maji yaliyovutwa, hadi galoni milioni 5 kwa siku, yalipitishwa katika mapipa makubwa ya chembe za mkaa maalumu, wenye vitundu vidogo visivyohesabika vinavyonasa viambata vya mafuta, kisha yakaachiwa yaende na kijito cha Hālawa hadi baharini. Hebu fikiria: maji yaliyochukua miaka 25 kushuka, yakasafishwa kwa gharama ile, kisha yakamwagwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyanywa, huku Bodi ya Maji ikihubiri kubana matumizi.

Kuyatoa mafuta matangini nako kulihitaji matengenezo kwanza, maana mabomba yenyewe hayakuaminika. Na mlima haukuacha visa. Tarehe 29 Novemba 2022 galoni 1,300 za dawa ya povu la kuzimia moto, yenye kemikali zisizooza, zilimwagika kwenye mlango wa handaki, na udongo ukalazimika kukwanguliwa na kupelekwa mbali. Hatimaye, tarehe 16 Oktoba 2023, vali zilifunguliwa kwa mpangilio sahihi na mafuta yakaanza kutelemka kwa uzito wake, kama yalivyokusudiwa tangu 1943, hadi kwenye meli zilizoyapeleka sehemu nyingine, baadhi hadi Ufilipino na Singapore. Hadi mwanzoni mwa 2024 galoni kama milioni 104 zilikuwa zimetoka.

Uwajibikaji ulikuja kwa mwendo wa yale maji ya Koʻolau. Septemba 2023 maadmirali watatu, wote wakiwa wamekwisha kustaafu, waliandikiwa barua za karipio. Oktoba hiyo Bodi ya Maji ikalidai jeshi dola bilioni 1.2. Mei 2025 jaji wa mahakama ya serikali kuu aliwapa walalamikaji 17 wa kwanza jumla ya dola 680,000 na kidogo, baadhi yao wakipata elfu chache tu kila mmoja.

Ulipoingia mwaka 2025 kisima cha Hālawa kilikuwa bado kimezimwa. Matangi yamebaki mlimani, matupu, kila moja likiwa na nafasi ya kulisimamisha jengo la ghorofa 20. Juu yao, kwenye udongo mwekundu, mashine za kutoboa zinaendelea kuteremsha mabomba membamba kwenye mwamba, na kila baada ya muda mtu aliyevaa glavu huja, hufungua kifuniko, huteremsha chupa hadi kwenye maji, huipandisha, huibandika lebo yenye tarehe na saa, na kabla ya kuifunga huinusa.